Kutoka Kisimani Hadi Swali: Namna ya Kupata Tatizo la Utafiti Bel-Air

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa mwisho pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), huwa na kichwa cha kazi kabla ya kuwa na swali. Kichwa chenyewe karibu kila mara kina umbo lilelile: jambo fulani, halafu "katika komini ya Kampemba", halafu "kuanzia 2019 hadi 2023". Uhaba wa maji katika kartie Bel-Air. Ukosefu wa kazi kwa vijana wa Bel-Air. Direkta anayesimamia kazi anasoma, anabadilisha miaka miwili mitatu, anatia saini, na mwanafunzi anarudi nyumbani akiamini sehemu ngumu imekwisha. Bado haijaanza. Mahali na miaka ni mipaka ya shamba tu. Havisemi utalima nini.

Mwongozo huu unahusu hatua moja: kupata tatizo la utafiti na kuliandika, ile sehemu ambayo vyuo vyetu vinaiita problematiki. Nauandika kwa anayeishi Bel-Air, awe anaandaa TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza) au memwari, kwa sababu anayelala na kuamka humo ana faida ambayo mtafiti anayeshuka kwenye ndege pale Luano hana. Inasikitisha kuona faida hiyo ikitupwa ili kunakili utangulizi wa kazi ya mwaka jana.

Bel-Air shida hazitafutwi. Umeme wa SNEL unakatika, bomba la REGIDESO linakauka, bei ya gunia la makala inapanda, unga wa bukari unategemea kinachotokea mpakani na Zambia. Hizi ni shida za kweli na zinaumiza watu. Lakini hakuna hata moja ambayo, hivi ilivyo, ni tatizo la utafiti. Bomba likikauka, kinachokosekana ni maji. Dawa yake ni fundi, pampu, pesa na uamuzi wa wakubwa. Memwari yako haitajaza hata bido moja. Tatizo la utafiti linazaliwa pale ambapo kinachokosekana ni ujuzi: kuna jambo hatulijui, kulijua kunawezekana kwa uwezo ulio nao, na kutolijua kunamgharimu mtu. Yote matatu lazima yawepo pamoja. Likikosekana la kwanza, utaandika kurasa 80 kuthibitisha ambacho kila mama wa mtaani anakijua. Likikosekana la pili, una ndoto. Likikosekana la tatu, siku ya kutetea kazi yako mjumbe wa jopo atauliza "kwa hiyo?", nawe utabaki unamtazama.

Mji wetu una mifano mizuri ya watu waliovuka kutoka shida hadi swali, na nafikiri kila mwanafunzi wa hapa angepaswa kuijua kabla ya kufungua kitabu cha mbinu za utafiti kilichoandikwa Paris. Chukua kuanguka kwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Mwaka 2003 haikufika hata tani 20,000, na mwaka huohuo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Shida hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hakuhitajika profesa kuja kutangaza kwamba mishahara hailipwi. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa UNILU, aliuliza jambo ambalo halikuonekana barabarani. Baba wa familia ya mfanyakazi alikuwa na mamlaka nyumbani kwa kuwa kampuni ilimpa mshahara, nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto. Kampuni inapoacha kutoa, mamlaka ya baba huyo yanakuwaje? Nani sasa anaamua mezani? Kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya "Bana Shaba" kinafuata swali hilo tangu 1910 hadi 1997. Wengine walioitazama shida hiyohiyo waliuliza vingine: watafiti wa Observatoire du Changement Urbain, chini ya uhariri wa Pierre Petit, mwaka 2003 walichapisha kitabu juu ya namna familia za Lubumbashi zinavyojipanga kuishi katika hali hiyo. Shida moja inaweza kuzaa maswali kumi, na kila swali linadai ushahidi wake.

Mfano wa pili unagusa zaidi watu wa Kampemba, komini ambayo nyumba zake zimepakana na viwanda. Kwa miaka mingi watu wa Katanga walikuwa wakisema vumbi na moshi wa madini vinawaingia mwilini. Walikuwa wakisema tu, kwani hakuna aliyekuwa amepima kwa mpango. Kikundi cha watafiti wa UNILU na wa Chuo Kikuu cha Leuven, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, hakikwenda kuuliza "je, uchafuzi ni mbaya?". Kiliuliza kuhusu umbali: anayeishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, anayeishi kati ya kilomita 3 na 10, na anayeishi mbali kabisa, kama kilomita 400, je, mkojo wao una kiasi sawa cha kobalti na metali nyingine? Majibu yalichapishwa mwaka 2009, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Tazama jinsi swali lile lilivyojengwa. Linaweza kujibiwa kwa chupa ndogo ya mkojo na maabara. Linaweza pia kukanushwa: kama makundi matatu yangelingana, dai la watu lingepata pigo. Na jibu lake lilifungua swali jingine. Ikiwa metali zimo mwilini, zinafanya nini kwa watoto wanaozaliwa? Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi, uliolinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro na wengine 108 wasio nazo. Kasoro hizo zilihusiana na kazi ya baba: watoto ambao baba zao walikuwa kwenye kazi za madini walikuwa na hatari zaidi. Kabla ya hapo, ni wangapi wangefikiri kuuliza habari za baba?

Basi na wewe uliye Bel-Air uanzie wapi? Mimi nashauri uanze kwa miguu, kabla ya maktaba. Chukua daftari na kwa siku kadhaa usiandike shida. Andika mambo yanayopingana. Shida tayari unazijua, na ukizoea kuziandika utaishia kulalamika. Mahali pa kuchimba ni pale ambapo vitu viwili vinavyopaswa kukubaliana havikubaliani: kanuni inasema hivi na watu wanafanya vile, watu wawili wenye hali moja wanapata matokeo tofauti, jambo lilipaswa kuisha na halijaisha. Familia ina bomba la REGIDESO ndani ya parseli na bado inateka kisimani. Kwa nini? Mama ananunua maji ya kunywa kwa pesa, lakini lengalenga anaosha kwa maji ya kisima. Ana hesabu gani kichwani? Usikimbilie kumjibia.

Tuchukue kisima, twende nacho hadi mwisho. Ingia katika parseli moja, usalimie wenyeji vizuri, uombe kuangalia. Kisima kina mdomo wa matofali, juu yake bati lililokandamizwa na jiwe. Pembeni kuna kamba, na mwisho wa kamba kuna kichota-maji kilichokatwa kutoka bido ya mafuta. Mtoto anainua bati, anashusha, anavuta, anajaza ndoo, kisha anaweka kichota-maji chini, juu ya udongo uleule wanaopita kuku na miguu peku. Anayefuata anakiokota na kukitumbukiza tena. Upande wa pili wa parseli kuna choo cha shimo.

Kanuni ya Sphere, inayotumiwa na mashirika ya misaada, inataka angalau meta 30 kati ya shimo la choo na maji ya ardhini yanayotekwa. Sasa piga hesabu. Chukua parseli ya meta 20 kwa 25. Ukichimba kisima kwenye kona moja na choo kwenye kona ya mbali kuliko zote, utapata meta 32. Umepona kwa meta mbili. Lakini jirani naye ana choo, na jirani wa nyuma pia, na hakuna aliyewahi kuwauliza wamekiweka wapi. Mtu anayekuja kuwaambia watu wa parseli hiyo "wekeni choo mbali na kisima" anawapa agizo ambalo ardhi yenyewe inalikataa.

Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri, kwa sababu vitu viwili vimegongana. Wanafunzi wengi wangeandika: visima viko karibu na vyoo, maji ni machafu, watu wahamasishwe. Hayo yameshasemwa, na mama mwenye kisima anayajua kuliko wewe. Mji huu ulipigwa na kipindupindu mwanzoni mwa mwaka 2008 na waliokuwepo hawajasahau. Tusichojua ni njia. Uchafu unaingia kisimani kwa kupenya chini ya udongo kutoka chooni, au unashuka kutoka juu na kile kichota-maji kilicholazwa chini? Pengine ni njia zote mbili, lakini ipi ina uzito zaidi katika mtaa huu? Jibu lina bei. Kuhamisha choo katika parseli ndogo hakuwezekani. Kutundika kichota-maji kwenye kigingi, au kujengea kisima sakafu ya saruji, kunawezekana hata kwa mshahara mdogo. Familia ikijua ianze na lipi, haitapoteza pesa kwenye lisilosaidia. Sasa una kitu tusichojua, kinachoweza kujulikana, na watu ambao kutokijua kunawagharimu.

Baada ya hapo ndiyo uende maktaba, na uende kwa adabu. Soma memwari za idara yako, za shule ya afya ya umma, za jiografia, za kilimo. Soma makala za majarida kadiri intaneti itakavyokuruhusu. Usitafute kama kuna aliyeandika "juu ya Bel-Air". Sentensi ya "hakuna aliyewahi kufanya utafiti huu katika kartie Bel-Air" ndiyo dhaifu kuliko zote katika kazi zetu, ingawa tunaipenda. Hakuna aliyewahi kupima urefu wa milango ya avenyu yako pia, na hilo halimsumbui mtu. Kwa kila kazi unayosoma uliza walipima nini, wakaacha nini, walipima majira gani, na wapi waandishi wawili hawakubaliani. Mara nyingi mwandishi makini amekuandikia tatizo lako kwenye kurasa za mwisho, pale anapokiri mipaka ya kazi yake. Na ukikuta swali lako limeshajibiwa vizuri, usilie; umeokoa mwaka. Jiulize jibu lile lingebadilika vipi hapa, na kwa sababu gani hasa. Ukikosa sababu, tafuta swali jingine.

Sasa kuandika. Aya ya kawaida ya problematiki huanza na dunia nzima: maji ni uhai, Umoja wa Mataifa umesema, Afrika inateseka, Kongo ina mito mingi. Ukurasa wa tatu ndipo msomaji anafika Lubumbashi akiwa amechoka. Futa yote hayo. Anza mahali penyewe, na hali ambayo msomaji hatabishana nayo, kisha onyesha kinachoivuruga, kisha taja kisichojulikana, kisha gharama yake, kisha uliza. Kwa kisima chetu inaweza kuwa hivi:

"Katika kartie Bel-Air familia nyingi huteka maji kwenye visima vilivyochimbwa ndani ya parseli. Kanuni za afya zinataka choo kiwe meta 30 kutoka kisimani, umbali ambao ni shida kuupata katika parseli za mtaa, hasa ukihesabu vyoo vya majirani. Hata hivyo uchafu unaweza pia kuingia kutoka juu, kwa chombo cha kutekea kinachowekwa chini, na njia hiyo inazuilika kwa gharama ndogo. Tafiti tulizozisoma zinapima uchafu wa maji bila kutenganisha njia hizi mbili. Kwa sababu hiyo familia na wahudumu wa afya hawajui juhudi ndogo waliyo nayo waielekeze wapi. Kazi hii inauliza: kati ya visima vyenye umbali unaokaribiana na choo, je, vile ambavyo chombo chake hakigusi udongo vina uchafu mdogo kuliko vingine, na tofauti hiyo inadumu hata majira ya mvua?"

Ni aya moja. Ukiisoma polepole utaona kila sentensi inaisukuma inayofuata; ukiondoa moja, swali linabaki limening'inia. Sentensi ya kwanza ithibitishe kwa kuhesabu mwenyewe visima vya avenyu chache. Sentensi ya tafiti usiiandike kabla ya kusoma, kwa sababu ndiyo ambayo profesa mmoja kwenye jopo anaweza kuivunja kwa kutaja kazi moja tu ambayo hukuifungua.

Inayofuata katika kazi zetu ni nadharia tete, yaani jibu la muda ambalo utaenda kulijaribu. Hapa pana kosa ambalo linanisikitisha kwa sababu ni la watu wenye bidii: wanaandika jibu lisiloweza kushindwa. "Hali ya maji ingesababishwa na mambo mengi ya kijamii na kiuchumi." Nenda uchunguze miaka kumi, sentensi hiyo haitaanguka, na kwa hiyo haikufundishi kitu. Yetu iseme wazi: visima ambavyo chombo chake kimetundikwa vitakuwa na bakteria wachache wa kinyesi, na pengo litapungua mvua ikianza, kwa sababu maji ya ardhini yanapanda na kuyafikia mashimo ya vyoo. Hiyo inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa uongo, na vipimo ndivyo vitaamua. Ikigeuka uongo hujafeli. Umeujulisha mtaa kwamba kutundika kichota-maji peke yake hakutoshi.

Kabla ya kujifunga na swali, lipime kwa mfuko wako. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100, na kuhesabu bakteria kunahitaji maabara, chupa safi, barafu na usafiri. Nenda uulize bei kwa kila sampuli kabla hujaandika idadi ya visima. Kama huwezi kulipa, swali lisife. Libadilishe lifuate ushahidi unaoweza kuupata. Shirika hilohilo lina fomu za ukaguzi wa visima kwa macho: kifuniko, sakafu, mfereji, chombo, umbali wa choo. Kwa fomu, daftari na ruhusa ya wenyeji unaweza kuuliza kwa nini familia mbili zinazopakana, zenye kipato kinachofanana, moja imejenga sakafu na nyingine haikujenga. Hilo ni tatizo jingine kabisa, la kijamii, na zuri pia. Tatizo lililo kubwa kuliko uwezo wako litakulazimisha kubuni takwimu usiku wa mwisho, na mtu anayebuni takwimu za maji anaweza kuua watoto.

Jihadhari pia na swali ambalo tayari limebeba dawa. "Umuhimu wa kuchimba forage Bel-Air" si tatizo la utafiti, ni ombi la mradi. Ukiona kichwa chako kinaanza na umuhimu, mchango au uhamasishaji, rudi nyuma uulize dawa hiyo inadhani chanzo ni nini. Chanzo hicho ndicho ambacho huenda hakuna aliyekichunguza.

Swali likisimama kwa Kifaransa, lijaribu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa mtu atakayelijibu. Mwambie mama mwenye kisima: "Mama, nataka kujua uchafu unaingia kwa kichota-maji au unatoka chooni." Akikuelewa mara moja na kuanza kubishana nawe, umepata swali hai. Atakuambia, pengine, kwamba maji hubadilika rangi wiki ya kwanza ya mvua, au kwamba kisima cha jirani kilikuwa kizuri hadi mpangaji mpya alipochimba choo nyuma ya ukuta. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Akikutazama tu kwa heshima na kusema "ndiyo, mwanangu", swali bado limejificha nyuma ya maneno ya kitabu, liandike upya. Papa wa nyumba naye asikilizwe, lakini anayeteka maji ndiye anayejua kichota-maji kinalala wapi.

Mwambie pia mapema utafanya nini na matokeo. Ukipima kisima cha mtu ukakuta uchafu, ana haki ya kujua kabla ya jopo lako, kwa lugha yake, pamoja na anachoweza kufanya wiki hiyohiyo: kuchemsha, kuweka dawa ya klorini, kutundika kichota-maji. Hilo liwemo kwenye mpango tangu siku unapoandika tatizo, kwa kuwa linaamua ni familia ngapi unaweza kuzihudumia kwa uaminifu.

Kwa direkta peleka ukurasa mmoja: aya ya tatizo, swali, nadharia tete, na orodha fupi ya ushahidi utakaoutafuta na bei yake. Akisema panua, muulize kwa heshima aongeze ushahidi upi, kwani kuongeza kartie nyingine bila sababu kutakuongezea safari tu. Akisema punguza, punguza siku hiyohiyo. Na kama swali lako linalinganisha kiangazi na mvua, ukurasa huo umfikie mwezi wa saba, maana sampuli za kwanza lazima zichukuliwe wakati udongo bado mkavu, na ikifika katikati ya Novemba mvua za Lubumbashi hazimngojei mtu aliyekuwa bado anatafuta saini.